Mama Ikifa, Fundi Aliyeogopa Swichi

Ndugu, jamaa, majirani, na mafundi mliofunga karakana zenu ili mfike hapa: tumekuja kumsindikiza mtu aliyekuwa mwoga. Tunalisema mapema kwa sababu mwenyewe hakulificha, na kwa sababu waliomtania kwa hilo, akiwemo wifi yake aliyeandika wasifu huu, ni wengi kuliko viti vilivyopangwa hapa leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kituo cha kusukuma maji cha mji. Baba yake alikuwa mwangalizi wa pampu, mama yake alishona nguo za shule. Juu ya nyumba yao kulikuwa na tangi kubwa la zege, na ndani ya tangi kulikuwa na swichi ya boya: maji yakipanda boya linapanda, na boya likifika juu swichi inakata umeme wa pampu. Asubuhi moja ya Aprili 1966 boya lilipanda kama kawaida na swichi haikukata. Maji yalimwagika ukutani, yakapita chini ya mlango, na watu wazima wote walikuwa nje wakikimbizana na funguo za chumba cha pampu. Mtoto wa miaka saba alikumbuka kwamba ndani amelala mdogo wao mchanga. Alimkuta godoro limeanza kuelea, mtoto ametulia tu anatazama dari, akambeba akatoka naye. Baba yao alihojiwa na wakubwa wake kwa muda mrefu, na jibu lake lilikuwa moja: jana ilikata. Marehemu alituhadithia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alikimalizia kwa maneno hayo ya baba yake.

Shule ya msingi alisoma kuanzia 1967 hadi 1973, kwenye shule iliyokuwa ng'ambo ya reli. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha ufundi, fani ya umeme, wasichana wakiwa wawili tu darasani. Mwenzake aliolewa kabla mwaka haujaisha, akabaki peke yake kati ya wavulana walioshindana nani atawasha wa kwanza. Mtihani wa vitendo wa 1978 alifeli. Walitakiwa kufunga waya za mota ndogo na swichi yake, kisha kuiwasha mbele ya msimamizi. Alifunga, akakagua, akakagua tena, na muda ulipokwisha alikuwa bado hajawasha. Msimamizi alimuuliza anangoja nini. Alijibu kwamba swichi aliyopewa imeandikwa ni ya taa, naye haoni taa pale mezani. Msimamizi akamwambia mota itazunguka dakika moja tu, apunguze woga. Hakuupunguza. Mwaka uliofuata alirudia mtihani uleule, akawasha amefumba macho, akafaulu.

Alianza kazi Julai 1979 katika karakana iliyotengeneza paneli za kudhibiti mashine, yale makabati ya chuma mnayoyaona yamebandikwa ukutani kwenye vinu vya nafaka, visima, vyumba vya baridi na lifti. Ndani ya kabati mna swichi na rilei. Swichi mnaijua. Rilei nayo ni swichi, ila haibonyezwi na kidole, inabonyezwa na umeme wenyewe: sumaku ndogo huvuta ncha mbili za chuma zikagusana, na sumaku ikilegea ncha zinaachana. Kontakta ni kaka yake mkubwa, huyo ndiye hubeba mzigo wa mota. Kuchagua vitu hivi ndiyo ilikuwa kazi ya marehemu. Wenzake walimwachia kwa furaha, kwa kuwa waliona ufundi ni kufunga waya, na kuchagua ni kwenda dukani na kurudi.

Yeye kurudi kulimchukua muda. Kabla ya kwenda dukani alikwenda kwenye mashine yenyewe, akasimama pembeni kama mtu aliyetumwa posa. Alitaka kujua mzigo ni wa hita au wa mota, maana hita ukiikata inanyamaza, lakini mota na vitu vyote vyenye sumaku hurusha cheche kila vinapokatwa. Alitaka kujua kama mahali pana vumbi au mvuke. Aliuliza itawashwa na kuzimwa mara ngapi kwa siku, na ni mkono gani utakaobonyeza, mkavu au wenye mafuta, wa mtu mwenye haraka au wa mzee asiyeona vizuri. Wenye mashine walichoka naye. Mmoja alimwambia kama anataka kuandika kitabu basi aandike, yeye anataka kusaga.

Dukani ndiko alikopata jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile la kuzaliwa. Muuzaji alimwekea rilei juu ya kaunta akaanza kuisifu, naye akaigeuza, akasoma maandishi ya ubavuni, akauliza:

"Na ikifa, inakufaje?"

"Mama, hii mpya."

"Mpya nimeiona. Nauliza ikifa. Inakufa imeachia au inakufa imeshika?"

Muuzaji hakuwahi kuulizwa swali hilo tangu afungue duka, na tangu siku hiyo akamwita Mama Ikifa. Jina likaenea mtaa mzima wa vipuri. Lakini swali halikuwa la mzaha. Rilei inayokufa imeachia huudhi tu: mashine inasimama, mwenye mashine anafoka, fundi anaitwa. Inayokufa imeshika ni jambo jingine. Cheche zimeunguza zile ncha kidogo kidogo, mpaka siku moja zinagandana kama zimechomelewa. Hapo unazima, na mashine haijui kuwa umeizima. Kabati liko vilevile, taa ya kijani inawaka vilevile, na hakuna anayejua mpaka dakika ile anapotaka kitu kisimame upesi. Hilo aliliogopa kuliko mwizi na kuliko moto. Alisema mwizi angalau anajificha, hii inakaa mbele ya macho yako.

Mwaka 1991 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kirefu kati ya fundi wa viti na duka la rangi. Mwaka uliofuata akamchukua mdogo wao wa mwisho, yuleyule wa godoro, ambaye tunamwita Kitinda mpaka leo ingawa kichwa kimejaa mvi. Walifanya kazi pamoja miaka thelathini na moja. Dada alichagua, mdogo akafunga. Walikuwa na desturi moja iliyowachekesha mafundi wengine: rilei zilizokaa mahali pa hatari walizibadilisha kila mwaka, zingali nzima. Wenye mashine walipolalamika kwamba kitu hakijaharibika, marehemu alisema ndiyo maana anakitoa. Na walipomwita mwoga usoni, alikuwa na jibu la wahenga: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Sasa tufike kwenye ndoa, na hapa mtuvumilie kidogo, maana ndoa yake ilianzia kwenye paneli. Mapema mwaka 1985 aliitwa kwenye kiwanda cha mikate kutazama mashine ya kukandia unga. Ni beseni la chuma ambalo mtu mzima anaweza kujikunja ndani yake, na katikati inazunguka ndoano nene kama paja. Beseni lina kifuniko cha nondo, na kifuniko kina swichi: ukikifunua, swichi inailegeza rilei iliyomo kwenye paneli, na ndoano inasimama. Swichi ile iliwekwa kwa ajili ya usalama, mtu asije akaweka mkono ndani mashine ikizunguka. Ya kuzimia ni nyingine, kitufe chekundu kilichoko ukutani.

Lakini wakandaji wa unga wana mazoea yao, na wakandaji mliopo hapa msijifanye hamyajui. Kitufe kiko hatua kadhaa, kifuniko kiko mkononi. Basi hawazimi. Wanafunua kifuniko kwa mkono wa kushoto, na papo hapo mkono wa kulia unazama ndani kuupima unga, kwa mwendo mmoja, bila kutazama, wakiendelea na mazungumzo. Marehemu alimwona kijana mmoja akifanya hivyo mara kadhaa kwa bonge moja la unga, akapauka. Alimwendea akamuuliza kama anajua mkono wake unategemea nini. Kijana akasema unategemea Mungu. Akamwambia Mungu ni sawa, lakini katikati yake na Mungu kuna rilei moja iliyochoka. Kijana alicheka, akamkaribisha mkate wa moto. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986, na kabla ya kukaa kwenye kiti cha bibi harusi marehemu alikwenda nyuma ya ukumbi, na gauni lake jeupe, kukagua kabati la umeme. Picha ipo.

Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Ilikuwa nyumba yenye furaha, na hofu moja ilikaa humo kama mtoto wa tatu. Mume aliipenda kazi yake na hakuiacha hata umri wa kustaafu ulipopita, na mazoea yake hakuyaacha pia. Mke alimsihi, akanuna, akamchorea picha, akamtuma mama mkwe amseme. Yeye alijibu kwa upole kwamba mkono umeshazoea. Basi mke akafanya alichoweza: paneli ya mashine ile aliijenga upya kwa mikono yake, akachagua rilei yake kwa muda mrefu kuliko alivyochagua pete, na kila Januari akaibadilisha mwenyewe. Jioni mume aliporudi, alimpokea kwa kumshika mkono wa kulia kwanza. Watu walidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, ila pia alikuwa anaangalia kama upo wote.

Ugonjwa ulianza Novemba 2022, maumivu ubavuni ambayo aliyaita gesi. Januari 2023 madaktari walimwambia ni saratani ya ini. Mwezi huo, kwa mara ya kwanza, hakwenda kwenye kiwanda cha mikate. Karakana ikabaki kwa Kitinda, naye aliifanya kazi vizuri na kwa heshima, huku akija wodini kila wiki kumpa dada yake habari za kazi, kwa kuwa habari nyingine hazikumchangamsha.

Jumanne tarehe 12 Septemba, kabla ya chakula cha mchana, Kitinda alikaa pembeni ya kitanda na kumwambia asiwe na wasiwasi juu ya mashine ya shemeji, ile rilei ya kifuniko ameshaibadilisha, mwezi uliopita. Alitoa mfukoni pacha wa ile aliyoifunga. Marehemu aliipokea, akaigeuza.

"Hii ndiyo umeifunga kwa shemeji yako?"

"Ndiyo, Dada. Ile yetu ya siku zote imeadimika. Lakini hii miguu ni ileile, volti ileile. Ona hapo, ampea kumi."

"Kumi za nini?"

Kitinda aliichukua, akaisogeza kwenye mwanga, akaisoma upya. Kumi ile ilikuwa ya hita. Chini yake, kwa herufi ambazo mtu asiye na miwani hazioni, ilikuwa imeandikwa namba nyingine ndogo sana, ya vitu vyenye sumaku. Na rilei ile ilikuwa inakata kontakta kubwa, sumaku tupu, kila mara kifuniko kilipofunuliwa. Kwa mkandaji anayetumia kitufe, kifuniko kinafunuliwa mara chache. Kwa mkandaji huyu kilikuwa kinafunuliwa kutwa nzima, wiki baada ya wiki, cheche juu ya cheche.

Binti yake, aliyekuwa anammenyea chungwa, anasema mama yake hakupiga kelele. Aliomba simu. Simu ya mume iliita bila kupokelewa, kwa kuwa simu haziruhusiwi chumba cha unga. Akapiga ofisini kiwandani, akamwomba karani azime swichi kuu ya umeme. Karani alisema meneja katoka, na yeye hawezi kusimamisha kiwanda kizima kwa sauti ya kwenye simu, ila anaweza kutuma mtu akamwite mzee aje azungumze.

"Usimwite," akasema. "Tafadhali, mtu yeyote asimwite."

Kitinda hakuelewa upesi, akaeleweshwa. Mume akiitwa, atafanya nini kwanza? Ataisimamisha mashine ili aje. Na kuisimamisha kwake ni kufunua, na mkono wa kushoto ukishafunua, wa kulia unaingia wenyewe. Kila njia ya kumwonya ilipitia kwenye kifuniko kile. Karani alikata simu bila kusema kama atatuma mtu au hatatuma. Marehemu akaanza kuchomoa plasta ya dripu.

Waliingia kwenye teksi, yeye katikati, amevaa gauni la hospitali na sweta la binti yake. Hakuwa ametembea zaidi ya mwendo wa chooni kwa wiki nzima. Njia ile huichukua gari robo saa, na siku hiyo ilikuwa na foleni kwenye kila taa. Dereva alizungumza peke yake habari za barabara. Binti alikuwa analia, akimbana mama yake kitambaa pale palipochomolewa dripu. Kitinda alirudia kusema kwamba pengine bado ni nzima, mwezi mmoja si kitu. Dada yake alimwambia baba yao naye alisema jana ilikata.  Kwenye makutano ya mwisho, taa nyekundu ikiwa imekataa kuondoka, marehemu alifumba macho na midomo yake ikawa inacheza. Binti alisikia maneno yaleyale tu, mkono wa kushoto, mkono wa kushoto. Alikuwa anamwomba Mungu mume achelewe kutumia wa kulia.

Hakuingia kwa mlango wa mbele. Alikijua kiwanda kile, akapita uani, penye magunia, akishikiliwa huku na huku, mpaka chumba cha umeme chenye dirisha dogo la kioo linalotazama chumba cha unga. Mashine ilikuwa inazunguka. Mumewe alikuwa amewapa mgongo, na mlangoni kwake alikuwa amesimama mtu wa ofisini, anamwambia jambo, anaonyesha kwa kidole kule ofisini. Mume alitikisa kichwa kukubali. Mkono wa kushoto ukashika kifuniko.

Swichi kuu ina mpini mrefu ambao hata vijana huuvuta kwa mikono miwili. Marehemu aliuning'inilia. Mpini ukashuka, taa zikazimika, matanuri yakanyamaza, kila kitu kikanyamaza, na kwenye kioo wote watatu walimwona mume akifunua kifuniko na mkono wake wa kulia ukizama ndani mpaka kwenye kiwiko, kama siku zote. Ndoano ilikuwa imesimama. Unga ulikuwa umetulia. Marehemu aliteleza ukutani taratibu akakaa sakafuni.

Mume alikuja akiwa mweupe kwa unga, anauliza nani kazima. Alipomwona nani kazima, alipiga magoti. Kitinda aliitoa rilei palepale, akaibandua kifuniko kwa bisibisi. Ncha zilikuwa nyeusi, zimeliwa pembeni. Lakini zilikuwa zimeachana. Aliinyanyua wote waione, na asilaumiwe mtu kwa kilichofuata, maana kila mtu alikuwa ameshikwa na hofu yake. Mume alimtazama mke wake, gauni la hospitali limeloa jasho, damu inachuruzika mahali palipochomolewa dripu, akapandwa na hasira ambayo sisi nduguze tunajua ni hofu tupu.

"Inaachia hii," alisema. "Umetoka kitandani ukafie njiani kwa kitu kizima? Umeogopa bure."

"Bado inaachia," mkewe alisema. 

Walimrudisha wodini. Daktari alikasirika, na alikuwa na haki. Kitinda alitafuta rilei ya aina yao mpaka akaipata kwa fundi wa mji mwingine, akaifunga, akaja kumwambia. Lakini lile neno bure lilimkaa marehemu moyoni. Wifi yake alipokwenda kumuosha alimkuta amegeukia ukuta. Mgonjwa aliuliza kama ni kweli maisha yake yote amewasumbua watu kwa jambo ambalo halikutokea. Wifi alimtania kidogo, kama ilivyo ada yao, na utani haukufika popote. Marehemu alimtaka mumewe aahidi kwamba kuanzia sasa atabonyeza kitufe, atasubiri ndoano isimame kabisa, ndipo afunue. Mume aliahidi. Kisha alitoka kwenye korido akamwambia dada yake, yaani wifi huyu, kwamba ameahidi ili mgonjwa apate usingizi, maana mkono wenye miaka arobaini ya kazi haufundishwi leo.  Dada yake alirudi ndani akaendelea kumkanda mgonjwa miguu, naye mgonjwa akamuuliza kama anadhani mumewe atakumbuka.

Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 23 Septemba 2023, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Mume alikuwa amekaa naye tangu asubuhi. Alikuwa amemshika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja, na muuguzi ndiye aliyekuja kuvilegeza vidole.

Wasifu ungeishia hapo. Lakini kuna jambo lililotokea jana, na mwenye nalo ametaka liwemo.

Kitinda hakuweza kukaa msibani bila kazi ya mikono. Siku ya Jumatatu alifungua karakana peke yake, akaichukua ile rilei aliyoitoa kwa shemeji yake, akairudishia kifuniko, akaifunga juu ya meza pamoja na kontakta kubwa kama ya kiwandani na mota ya majaribio. Akaweka saa ya kuiwasha na kuizima yenyewe, bila kupumzika, mfano wa kifuniko kinachofunuliwa na kufunikwa. Hakuwa na nia ya kumthibitishia mtu yeyote. Alitaka kujua tu. Ililia hivyo Jumatatu kutwa, na Jumanne. Jana, Jumatano asubuhi, mume alipita karakana kuchukua viti vya msiba, akamkuta shemeji yake amesimama mbele ya meza, na ule mlio umekoma, mota pekee inazunguka.

Kontakta ilikuwa imevuta na haiachii. Kitinda alikuwa ameshakata umeme wa ile rilei, sumaku imelegea, na ncha zimekataa kuachana.  Alimwachia shemeji yake swichi ndogo, ya aina ile iliyoko chini ya kifuniko cha mashine. Mume aliifungua kwa kidole, kama kifuniko kinavyoifungua. Mota ikaendelea kuzunguka. Akaifunga, akaifungua tena. Ikaendelea kuzunguka. Alisimama pale mpaka Kitinda akaenda mwenyewe ukutani kuzima kila kitu.

"Mkono ungekuwa ndani," alisema. Halafu aliuficha mkono wenyewe kwapani, kama mtu aliyesikia baridi, na viti akavisahau.

Hatujui kama ingegandana siku ileile ya Jumanne, au kesho yake, au mwezi ujao. Hakuna anayejua, na huko kutojua ndiko marehemu alikoishi nako kila siku ya ndoa yake, ili mwenzake aweze kuzungumza na watu huku anakanda. Mume ameomba isomwe hapa, mbele ya watu wote na mbele yake yeye marehemu kabla hatujamfunika, kwamba alimwambia mkewe ameogopa bure. Kwamba mkewe aliondoka na neno hilo. Na kwamba leo analirudisha, akijua limechelewa. Ameandika kwa mkono wake mwenyewe, na maneno yake ni haya: "Mke wangu, ulikuwa umeona. Mimi nilikuwa sitazami."

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, ndugu watatu, na wifi ambaye hatapata tena wa kumtania. Ameacha pia makabati mengi ya chuma, kwenye vinu, visima na lifti ambazo baadhi yenu mtapanda mkitoka hapa, na ndani yake rilei ambazo yeye ndiye aliyekuwa akizikumbuka.

Alale salama, kazi ya kuogopa ameimaliza. Iliyobaki ni zamu yetu.